Jinsi ya Kuunganisha Taifa kwa Vita Vitatu: Mwongozo kwa Mtawala Mwenye Haraka

Mheshimiwa mtawala, una dola nyingi, lugha moja na subira haba. Fuata nyayo za Otto von Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, aliyeikamilisha kazi hii kati ya 1864 na 1871. Nakusihi usiiruke sehemu ya gharama, maana watakaoilipa ni raia wako.

Mahitaji

Tafuta dola 39 zilizofungwa kwa ulegevu katika Shirikisho la Ujerumani la 1815. Ongeza umoja wa forodha unaofanya kazi tangu 1834 na kuiacha Austria nje, pamoja na reli zinazovuka mipaka. Hakikisha pia kwamba wananchi wamekwisha kuomba umoja kwa amani, nawe umewanyima. Wajerumani walifanya hivyo: wawakilishi wao walikutana Frankfurt mwaka 1848, wakaandika katiba, na 1849 wakampelekea mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prussia taji la nchi nzima. Alilikataa, kwa sababu hakutaka kuvikwa taji na raia. Njia ya amani ilikuwepo, na aliyeifunga ni mfalme.

Hatua ya 1: Lipuuze bunge

Bunge la Prussia lilipokataa bajeti ya jeshi, Bismarck aliwaambia wabunge mwaka 1862 kwamba mambo makubwa ya zama zile yataamuliwa kwa chuma na damu, si kwa hotuba na kura. Kisha akaendelea kukusanya kodi miaka minne bila bajeti halali.

Hatua ya 2: Anza na jirani mdogo

Mwaka 1864 Prussia iliipiga Denmark na kuzitwaa Schleswig na Holstein. Mwalike mshirika mkubwa, kama Austria, mgawane nyara. Mgawanyo huo ndio utakaokupa ugomvi wa hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Mgeukie mshirika

Mwaka 1866 jenerali wa Prussia, Helmuth von Moltke, alisafirisha askari kwa reli, wakiwa na bunduki za kupakia risasi kwa nyuma. Tarehe 3 Julai walilivunja jeshi la Austria huko Königgrätz. Bavaria, Saxony na Hanover zilikuwa upande wa Austria, kwa hiyo Wajerumani waliuana wao kwa wao kwa jina la umoja. Ukishinda, usiingie Vienna kwa gwaride. Bismarck alimzuia mfalme wake, Wilhelm I, akijua kwamba adui aliyefedheheshwa hasahau. Lakini Hanover aliimeza nzima, hazina na kiti cha ufalme. Bunge nalo, likiwa limelewa ushindi, likahalalisha zile kodi.

Hatua ya 4: Mchokoze jirani mkubwa

Dola za kusini bado zinasita? Zitafutie adui wa pamoja. Julai 1870 Bismarck alipokea telegramu kutoka Ems kuhusu mazungumzo ya mfalme na balozi wa Ufaransa juu ya kiti cha ufalme wa Hispania. Aliifupisha mpaka ikasomeka kama matusi kwa pande zote mbili, akaitoa magazetini. Tarehe 19 Julai Ufaransa ikatangaza vita, na Bavaria, Württemberg na Baden zikajiunga na Prussia. Mwanzoni mwa Septemba, Napoleon III, kaisari wa Ufaransa, alitekwa huko Sedan.

Hatua ya 5: Lipa kinachobaki

Ludwig II wa Bavaria alihitaji fedha. Bismarck alimwandikia rasimu ya barua ya kumwomba mfalme wa Prussia akubali ukaisari, Ludwig akainakili, na malipo ya siri yakatoka katika hazina ya Hanover.

Hatua ya 6: Sherehekea nyumbani kwa aliyeshindwa

Tarehe 18 Januari 1871 Wilhelm I alitangazwa Kaisari katika Ukumbi wa Vioo, Versailles, Paris ikiwa bado imezingirwa.

Gharama

Busara ya Vienna haikufika Paris. Ufaransa ilitozwa faranga bilioni 5 na kunyang'anywa Alsace na sehemu ya Lorraine. Mwaka 1919 Ujerumani, iliyoshindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilitia saini mkataba wake katika ukumbi uleule. Mchuma janga hula na wa kwao.

Sisi wa Afrika Mashariki pia tulitozwa. Februari 1885, Kaisari yuleyule aliidhinisha ulinzi wa dola kwa madai ya ardhi ya mkoloni wa Kijerumani Carl Peters katika bara la Tanganyika. Miaka ishirini baadaye, katika Vita vya Maji Maji, majeshi ya Ujerumani yaliteketeza mashamba na maghala ya kusini, na njaa ikaua makumi ya maelfu.

Forodha, reli na lugha zilikuwa zikiwaleta Wajerumani pamoja kabla ya Bismarck kushika madaraka. Vita viliharakisha umoja na kuamua nani atautawala. Pia viliwafundisha wabunge kuwapigia magoti wenye silaha. Basi raia, akija kiongozi kukuahidi taifa moja kupitia vita, mwulize kwanza ni katiba gani ya amani aliyoikataa.