Kitasa Kimegoma: Mwongozo wa Mwenye Nyumba wa Mwanza

Umejenga Isamilo, mlango wa barazani unatazama ziwa, wageni wanasifia upepo. Hawajui kwamba mlango wenyewe haufungi tangu masika yaanze. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Weka jiwe. Mji huu haujawahi kupungukiwa na mawe. Nyumba zenyewe zimeyakalia. Chagua ambalo mtoto hawezi kulisukuma wala mwizi hana hamu ya kulibeba, uliegemeze mlangoni, kisha mwambie mama watoto kwamba ni la muda tu. Kwa kawaida muda huo huisha siku binti anapoletewa posa.

Hatua ya 2: Mimina mafuta. Ya kupikia, maana ndiyo yaliyo karibu. Siku mbili za mwanzo ufunguo utateleza vizuri. Kisha vumbi litagandia humo, pamoja na wale wadudu wa ziwani wanaovamia taa ya barazani usiku, na ufunguo utatoka na tope jeusi. Wenye akili husugua penseli kwenye meno ya ufunguo, wakauingiza na kuutoa mara kadhaa: unga wake hulainisha na haunasi vumbi. Lakini penseli iko kwenye begi la mtoto, na mtoto yuko shule.

Hatua ya 3: Lazimisha. Bana ufunguo kwa plaizi, zungusha kwa hasira. Ukivunjikia ndani, hongera: sasa unahitaji kitasa kipya, na tatizo la awali halijaguswa.

Hatua ya 4: Mpigie fundi. Anakaa Sengerema. Zamani alisingizia foleni ya kivuko cha Kigongo, ukamwelewa. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3.2 hadi Busisi, gari linavuka kwa dakika chache, hivyo imembidi abuni jingine. "Bosi, nimeshaipita Usagara," atasema, huku jogoo wa kwake akiwika kwenye simu.

Hatua ya 5: Ukishakata tamaa, chunguza. Acha mlango wazi, uzungushe ufunguo. Ulimi wa kitasa ukitoka na kurudi bila shida, kitasa ni kizima. Mkosaji ni mlango. Mbao zimekunywa unyevu zikavimba, bawaba ya juu imelegea, mlango umeinama, na ulimi unagonga bati la fremu badala ya kuingia kwenye tundu lake. Paka ulimi chaki, funga mlango, zungusha, kisha tazama alama imeangukia wapi. Kaza skrubu za bawaba. Zikizunguka bure, chomeka njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, gundi ikauke, ndipo ukaze tena. Alama ikibaki chini ya tundu kwa milimita mbili hivi, chukua tupa ulipanue tundu. Ila usirande mlango wakati wa masika: kiangazi utasinyaa, na mijusi watapita bila hodi.

Hatua ya 6: Jaribu ukiwa ndani. Wapo wanaotoka barazani kwa mbwembwe, wakamwambia mtoto wa miaka mitatu azungushe ufunguo kwa ndani waone kama unafunga. Unafunga. Kufungua ni somo ambalo mtoto bado hajafundishwa, na madirisha yote yana nondo ulizochagua mwenyewe, nene kuliko za jirani.