Umbali wa Mtu na Pengwini: Utangulizi wa Elimuncha

Weka kalamu tayari, mwanafunzi. Mhadhara huu hautarudiwa.

Elimuncha ni taaluma inayomchunguza binadamu anayeacha kwao, penye moto na chakula, akaenda kwa hiari yake kwenye ncha ya dunia. Binadamu huyo tunamwita mwendancha (wingi: wendancha). Wanahistoria wamezoea kumpima kwa ushujaa wake, kwa maili alizotembea na kwa idadi ya vidole alivyorudi navyo. Hayo ni makadirio ya vijiweni. Kipimo cha kisayansi ni kimoja tu: Umbali wa Mtu na Pengwini, kwa kifupi UMPE. Wanaoniuliza kama nimewahi kufika Antaktika nawajibu kwamba mwalimu wa elimu ya nyota naye hajafika kwenye nyota.

Fasili ya 1. UMPE ni nafasi, kwa mita, iliyopo kati ya mwendancha na pengwini aliye karibu naye kuliko wengine, wote wawili wakiwa hai. Sharti hilo la mwisho limenikosesha usingizi, na sababu utaiona sasa hivi.

Aina ya Kwanza: mwendancha mmezi (UMPE hasi). Mwaka 1915 Endurance, meli ya Ernest Shackleton, ilibanwa na barafu katika bahari ya Weddell, ikapondwa, ikazama Novemba. Aprili 1916 watu wake 28 walifika kisiwa cha Elephant kwa mashua tatu. Shackleton na wenzake watano wakachukua mashua moja kwenda South Georgia kuomba msaada. Wale 22 waliobaki walizipindua mbili zilizosalia, wakaishi chini yake hadi tarehe 30 Agosti. Humo pengwini alikuwa kitoweo, na ngozi yake yenye mafuta ikawa kuni. Yaani ndege yuleyule alikuwa ndani ya sufuria na chini ya sufuria kwa wakati mmoja, hali ninayoiita umahalipili. UMPE hasi hupimwa kuanzia kitovuni kuingia ndani. Siku walizokula sili hazituhusu.

Aina ya Pili: mwendancha mbebayai. Juni 1911, mwezi ambao kwetu ni kipupwe na kule ni usiku mtupu, Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard walivuta mizigo gizani hadi Cape Crozier kufuata mayai ya pengwini wa aina ya emperor. Baridi ilishuka hadi karibu nyuzi 60 chini ya sifuri. Waliokota mayai matano, mawili yakapasuka, matatu yakafika London, ambako Cherry-Garrard anasimulia kwamba jumba la makumbusho lilimpokea kwa ubaridi wa aina nyingine.

Sasa jibu, mwanafunzi: je, yai ni pengwini? Wafuasi wa Mkabala wa Ganda wanasema si pengwini, kwa hiyo UMPE ya watu wale haikuwepo. Wafuasi wa Mkabala wa Kiini, ambao mimi ni mwasisi wao na kwa sasa mwanachama pekee, tunasema ni pengwini mtarajiwa, hivyo UMPE yao ilikuwa sawa na unene wa glavu.

Aina ya Tatu: mwendancha bila pengwini. Roald Amundsen alifika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, na Robert Scott tarehe 17 Januari 1912. Mahali hapo pako zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini na hapana pengwini hata mmoja, jambo linalozua swali la walichokifuata. Amundsen aliondoka kambini na mbwa 52 akarudi na 11. Ila mbwa ni somo la muhula ujao. Scott na wenzake wanne walikufa njiani wakirudi, na mzigo wao ulikuwa na kilo kama 16 za mawe yenye alama za majani ya kale. Mawe hayana UMPE. Tuendelee.

Aina ya Nne: mwendancha mlipaji. Mwaka 1966 Lars-Eric Lindblad alipeleka kundi la watalii. Leo wanavuka 100,000 kwa msimu. Wengi hupandia meli Ushuaia, Argentina, kisha huvuka mlango-bahari wa Drake kwa siku mbili. Hapo hujigawa wenyewe: mtapikaji wa kwenda, mtapikaji wa kurudi, na mtapikaji wa mhadharani, huyu akishindwa kujizuia katikati ya simulizi za mateso ya Shackleton.

Kabla ya kushuka, mifuko ya jaketi la mlipaji hufyonzwa kwa mashine isije ikabeba mbegu, na gambuti zake huchovywa kwenye dawa. Nchi kavu, mahali pamoja, hawaruhusiwi kuzidi watu 100 kwa wakati mmoja. Kwa hofu ya mafua ya ndege, ni marufuku kukaa, kupiga magoti au kulala chini. Na UMPE yake imewekwa kwa kanuni: mita 5.

Mita 5 kutoka wapi? Kipimo-buti huanzia kwenye ncha ya kiatu, kipimo-kamera huanzia kwenye kioo cha lenzi. Mwenye lenzi ndefu anaweza kuwa halali kwa miguu na mkosaji kwa mikono.

Ila sheria yenyewe ni suala la kauli za kitenzi. Mwendancha amekatazwa kusogelea. Kusogelewa hakukatazwi, kwa sababu njia ni haki ya pengwini. Kuhusu kusogeleana sheria iko kimya.

Chukua mfano. Mlipaji amesimama juu ya kinyesi cha waridi (rangi hutokana na viumbe mfano wa kamba wadogo wanaoliwa na ndege hao), ambacho baadaye atakisugua kwa brashi nusu saa. Anakuja pengwini wa aina ya gentoo. Mita 5, mita 2, sifuri. Anadonoa pindo la suruali, anatulia, anadonoa tena. Nyuma ya mtu kuna viota, mbele kuna ndege, chini haruhusiwi kukaa, na boti ya mpira inasubiri kuleta wengine. Hali hii nimeipa jina la utuamo-shurutishi, na sijampata bado mtu aliyedumu ndani yake kwa muda wa kutosha kupimwa. Usitikisike, mwanafunzi. Natafuta futi.