Kitanda cha Babu Kimeingia Bendi

Brian May wa Queen alianza kuunda gita lake mwaka 1963, kijana wa miaka kumi na sita, akisaidiana na baba yake. Shingo ilitoka kwenye mbao ya mahali pa kuotea moto, springi zilitoka kwenye pikipiki, na gita hilohilo ndilo lililompeleka dunia nzima. Habari kama hii si ya kumsomea kila mtu. Dar es Salaam hatuoti moto sebuleni, lakini stoo kwetu kulikuwa na kitanda cha mninga cha marehemu babu kimeegemezwa ukutani, na mimi nilishachoka kuazima gita la besi kila Jumamosi tulipokutana, watu wazima na vitambi vyetu, kupiga roki ya zamani.

Nikakipeleka Keko. Fundi seremala akaupokea mchoro wangu, akaugeuza juu chini, akaugeuza tena.

"Bosi, hiki kikiisha kinakaa wapi?"

"Kinavaliwa, fundi."

Hakuuliza tena. Huyu ni mtu aliyezoea wateja.

Kuunganisha mbao, randa, msasa, vyote vilikwenda vizuri. Ubishi ulizuka kwenye mbao ya kichwani, iliyokuwa na ua la nakshi katikati. Nilitaka lisawazishwe. Akakataa katakata: aliyelichonga alikuwa anajua kazi, na yeye hana ubavu wa kumfutia mwenzake mkono. Basi ua likabaki pale juu, mahali hasa ambapo mpiga besi hulaza mkono wa kulia. Nikimaliza nyimbo mbili, ngozi ya mkono inakuwa na petali nane, moja imevunjika ncha kama ilivyovunjika kwenye mbao. Mama aliponiona na ua lile mkononi akalitambua mara moja, akaniuliza nimelala wapi.

Kwa ubao wa vidole nilitaka mpingo, mti ambao Ulaya wanautengenezea klarineti na ambao ukiutupa majini unazama. Nilipata kipande kwa wachonga vinyago wa Mwenge, kwa bei ambayo nyumbani niliitaja nusu. Besi ya kawaida ina urefu wa inchi 34 za uzi unaopigwa, na freti, vile vyuma vinavyokatiza ubao, hazipangwi kwa kukisia. Nafasi ya kwanza inakaribia inchi mbili, freti ya 12 inakaa katikati kabisa, inchi 17, na kadiri unavyoshuka kuelekea tumboni ndivyo zinavyobanana, mpaka ile ya 20 inajibana kwenye nafasi isiyofika robo tatu ya inchi. Nilikesha na kikokotoo, nikachora mistari yote kwa penseli, nikamkabidhi fundi akate mifereji.

Nilipoifuata kazi, alinipokea kwa tabasamu la mtu aliyemsitiri mwenzake. "Mistari yako ilikuwa inapishana, bosi. Nimekunyooshea."

Na kweli alikuwa ameninyooshea. Nafasi zote zilikuwa sawasawa kutoka juu hadi chini, hakuna iliyomzidi mwenzake hata kwa unywele. Kwa ngazi ya kupandia darini ingekuwa kazi ya kusifiwa. Kwa gita, ule ubao ulikuwa unangoja wimbo ambao bado haujatungwa.

Aliyeniokoa ni Bill Wyman. Mwaka 1961, kabla hajaingia Rolling Stones, alizing'oa freti za besi yake ya bei poa akikusudia kuweka mpya, akaipiga ikiwa tupu, akaipenda, akaiacha hivyo. Tukachanganya unga wa mpingo na gundi, tukaijaza ile mifereji, tukapiga msasa, na ushahidi wote ukapotea. Besi isiyo na freti ina heshima yake duniani. Shida ni kwamba kidole chenyewe ndicho kinachoitafuta sauti, na uzi wa E unatikisika mara 41 tu kwa sekunde. Huko chini ukipiga kando kidogo, msikilizaji hasemi umekosea. Anaanza tu kuulizia chakula.

Zikabaki sumaku za kunasa sauti. Nilimwendea fundi wa kusuka mota, ambaye kazi zake ni feni na pampu za kisima. Waya wa kazi hii ni mwembamba kama unywele, na besi za Fender za mwanzo zilisukwa raundi zinazokaribia 10,000. Fundi akafunga koili kwenye drili, tukahesabu kwa sauti, akaingia mteja mwenye pampu iliyoungua, wakabishana bei, na tangu hapo hakuna aliyekuwa na uhakika tulifika elfu ngapi.

Koili moja peke yake inanasa nyuzi, na inanasa pia umeme wa ukutani. Umeme wetu ni hezi 50. Sauti ya G ya chini ni hezi 49. Kwa hiyo kitanda cha babu, kikichomekwa tu, kinaimba G iliyopanda kidogo, bila kuguswa. Tukagundua kwamba "Smoke on the Water" ya Deep Purple iko kwenye G. Pale umeme na mimi tunapatana vizuri sana, na siku ukikatika bendi inapungukiwa mtu. Nikizishika nyuzi mvumo unapungua. Nikiachia, unarudi.

Sasa, "Another One Bites the Dust" ya Queen, ya 1980, uzuri wake wote uko kwenye kunyamaza. Besi inapiga mara tatu, inakaa kimya, na ule ukimya ndio unaowainua watu vitini. Tuliipiga kwenye sendofu ya binti wa shangazi. MC akatutambulisha kwamba sasa tunasikia utunzi wa Mzanzibari wetu, Freddie Mercury. Freddie ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, 1946, hilo halina ubishi, lakini wimbo ule aliutunga John Deacon, mpiga besi. Wapiga besi tumezoea.

Katikati ya wimbo umeme ukakatika, jenereta ikawaka. Wapishi wakachomeka vyao, jenereta ikaelemewa, na G yangu ikaanza kuteremka taratibu hadi mahali pasipo na jina. Shangazi naye akainuka kuja kunitunza, akinengua, noti ya elfu kumi mkononi. Adabu inataka uipokee. Nikaachia nyuzi.

MC akakimbilia kipaza sauti, akaomba radhi kwa wageni waalikwa, akasema mwenye lori lililoegeshwa nyuma ya ukumbi aende akalizime.