Ndoa Ivukapo Daraja la Rusumo

Utalii wa wanandoa, yaani safari ambayo mume na mke huifunga kwa hiari yao pasipo msiba, harusi wala mgonjwa wa kujuliwa hali, bado haujazoeleka sana katika wilaya za Biharamulo na Ngara, na pengine ndiyo sababu wale wachache wanaouthubutu huulizwa na majirani, kwa upole wenye mashaka, ni nani aliyefariki. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ugomvi mwingi wa safari hizo hautokani na kiburi cha mume wala ulimi wa mke, kama wanavyodhani wazee wa usuluhishi, bali hutokana na eneo lenyewe, ambamo saa, upande wa barabara na hata rangi ya nguo hubadilika maana ndani ya siku moja.

Mwanzo huwa shwari. Boma la Biharamulo, yaani ngome ya utawala iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 na kurithiwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, liko mjini, wala halimpotezi mtu njia. Mume, ambaye ndiye mwanahistoria wa familia hadi itakapothibitika vinginevyo, huupapasa ukuta na kueleza unene wake, ilhali mke, aliyepita hapo tangu utotoni akitumwa sokoni, hutaka kujua kwa nini ukuta alioutazama bure miaka yote sasa unatazamwa kwa gharama ya mafuta ya gari.

Matatizo halisi huanzia katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 4,707. Kwa kuwa siku hizi picha ndiyo ushahidi wa safari, wanandoa hushona sare ya kitenge, na rangi inayochaguliwa mara nyingi ni buluu iliyokoza, kwa sababu inapendeza kwenye picha na haionyeshi vumbi haraka. Buluu hiyo ndiyo inayompendeza pia mbung'o, yule inzi anyonyaye damu na kueneza malale, na wataalamu wanalijua jambo hilo vyema kiasi kwamba mitego ya kumnasa hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Kwa vigezo vyote vya kisayansi, basi, wanandoa waliovaa sare hiyo huingia hifadhini wakiwa mitego miwili inayotembea, isipokuwa kwamba haina sumu. Twiga wapo, na tembo wapo, lakini kila mmoja anaponyoosha kidole kumwonyesha mwenzake mnyama, mwenzake huwa anajipiga kofi shingoni, na anapogeuka mnyama amekwisha kuingia kichakani. Swali la nani alichagua kitenge hicho hujadiliwa kwa kina hadi Lusahunga.

Maporomoko ya Rusumo, katika Mto Kagera, yana kimo cha mita 15 hivi, nayo humtia aibu mume aliyekuwa ameyasimulia kwa sauti ya mtu aliyefika Victoria, ambako maji huanguka zaidi ya mita 100. Udogo huo usimdanganye mtu, kwani nguvu ya maji hayo huendesha mtambo wa umeme wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivukia hapa mwaka 1894 kuingia Rwanda, akiwa na msafara wa mamia ya watu lakini bila mke, hivyo hapakuwa na wa kumuuliza kama ana hakika na njia. Miaka 100 baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la hapo kwa siku moja tu wakikimbilia Ngara, na mbele ya kumbukumbu hiyo hata wanandoa walionuniana tangu asubuhi husimama pamoja bila neno.

Ndipo inapokuja habari ya saa. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu, ambayo haijui heshima ya mipaka, hudaka mtandao wa ng'ambo kabla mwenyewe hajavuka, kwa hiyo simu ya mume husema saa 3 asubuhi na ya mke saa 4, na kila mmoja ana ushahidi wa maandishi kwamba mwenzake ndiye aliyechelewesha safari. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa mwaka 2016 pamoja na daraja jipya, huongeza utata, kwani taratibu za nchi zote mbili hukamilishwa upande wa nchi inayoingiwa. Wanandoa hutoka Tanzania kwanza, kisha wakiwa tayari katika ardhi ya Rwanda ndipo huomba ruhusa ya kutoka.

Huko gari huendeshwa upande wa kulia. Kwa kuwa usukani wa gari la Tanzania uko kulia, dereva hujikuta amekaa ukingoni mwa barabara, haoni kilicho mbele ya lori analolifuata, na mwenye kuona ni mke, aliyekaa kushoto. Mamlaka ya kulipita lori huhama hivyo bila kikao, na mume aliyezoea kusema "najua" hulazimika kuuliza, "Mama watoto, kweupe?"

Nyanza, penye ikulu ya kale ya wafalme iliyojengwa upya kwa nyasi jirani na jumba la Mfalme Mutara III Rudahigwa, wageni huonyeshwa inyambo, ng'ombe wa kifalme wenye pembe ndefu, ambao walezi wao huwaimbia nyimbo za sifa. Mke huuliza, kwa sauti inayofika kwa wageni wengine, ni lini yeye aliimbiwa mara ya mwisho. Mume huligeukia paa na kuuliza limeezekwa mwaka gani.

Wakati wa kurudi, saa iliyopatikana darajani hudaiwa palepale darajani, na jiko la nyumba ya wageni halihesabu kwa saa za Kigali. Wanaokusudia safari hii wanaombwa waagize chakula chao cha jioni cha Ngara kabla ya kuvuka.