Jogoo wa Kulipia

Nampongeza kijana wetu wa Akheri: podikasti yake sasa ni ya kulipia, shilingi 5,000 kwa mwezi. Ni haki kabisa. Mwaka 2018 serikali yenyewe iliona maneno ya mtandaoni ni mali, ikayawekea leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka. Yeye ni nani ayagawe bure? Bure waachiwe wazee wa kijiweni Tengeru, wanaochambua bei ya ndizi, siasa na ndoa za watu bila hata maikrofoni. Kipindi cha juzi, dakika 40, jogoo aliwika mara tatu katikati ya mahojiano, na mgeni, kwa adabu zake, akanyamaza kumpisha. Majirani wasiojiunga wanamsikia jogoo huyohuyo dirishani, tena bila kuliwa bando.