Ilikuwa ya Mzungu

Katika Kenya hii kuna maneno matatu yanayoweza kumtoa mtu mzima pesa mfukoni bila bunduki: ilikuwa ya mzungu. Kabati lilikuwa la mzungu, friji ilikuwa ya mzungu, mbwa alikuwa wa mzungu. Mzungu mwenyewe hana jina wala sura, na hakuna anayejua aliondoka lini. Kinachojulikana ni kwamba alikitunza kitu chake kama yai, kisha akakiacha. Mwenye akili angeuliza: kama kilikuwa kizuri hivyo, mbona hakukibeba? Mimi sikuuliza. Mimi ni mwalimu. Kwa miaka thelathini na sita nimezoea kuuliza maswali ambayo majibu yake ninayo tayari.

Nilipostaafu nilipewa kile kinachoitwa kiinua mgongo. Mke wangu akapendekeza tununue ng'ombe wa gredi. Nikamwambia ng'ombe kila mtu anaye, mwanamume aliyestaafu anahitaji mashine. Tuna ekari mbili hapa Fort Ternan, juu ya kituo cha reli. Ukizipima kwenye ramani ni mbili, ukizipanda kwa miguu ni nne. Kila mwaka kabla ya mvua za Machi nilikuwa napiga foleni ya trekta ya kukodi, na kila mwaka zamu yangu ilifika mahindi ya jirani yakiwa magotini. Nikaapa kwamba foleni hiyo siirudii tena.

Nikaelekezwa kule chini upande wa Koru, kwenye miwa. Niliikuta chini ya mwembe, kuku ametaga kwenye kiti. Massey Ferguson 35 ya mwaka 1958. Mimi nimezaliwa mwaka 1962, kwa hiyo kwa adabu ilibidi niiamkie. Ilikuwa nyekundu, ila sehemu nyingine wekundu huo ulikuwa kutu.

"Mwalimu," mwenye mali akasema, "hii ilikuwa ya mzungu. Alikuwa akikatia nyasi za uani tu."

Akaiwasha, ikanguruma papo hapo. Nikaweka kiganja kwenye injini, nikasikia joto. Nikafurahi, nikadhani ni joto la afya. Ilinichukua miezi miwili kuelewa kwamba injini haipati joto kama lile kwa kuwashwa dakika moja, na kwamba mtu anayekuuzia trekta ambayo tayari ina joto anakuficha asubuhi yake.

Kisha tukafika kwenye silinda. Massey 35 za dizeli ni za namna mbili: za mwanzo zina injini ya Standard yenye silinda nne, na kuanzia mwaka 1959 zikaja zenye Perkins ya silinda tatu. Hii ilikuwa na nne. Sasa, sisi watu wa Kericho tumelelewa na ng'ombe. Ng'ombe wa chuchu nne ana bei yake. Wa chuchu tatu unamsukumia shemeji. Nikalipa shilingi 280,000 hapo hapo, nikihofia mtu mwingine mwenye hesabu kama zangu asije akaniwahi.

Tuliipandisha mlima mpaka nyumbani kwa moshi mwingi kiasi kwamba mzee mmoja pale kituoni alisimama akitazama reli, akidhani gari moshi la enzi zake limerudi. Mke wangu akatoka jikoni, akaizunguka mara mbili bila neno.

Hapa lazima niwaeleze wageni jambo. Fort Ternan ni mahali padogo, lakini wasomi wa dunia nzima wanapajua kwa mifupa. Kwenye shamba la mlowezi aliyeitwa Fred Wicker, Louis Leakey alifukua mabaki ya mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka ipatayo milioni 14 iliyopita. Mwaka 1962 akampa jina la Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya mwenye shamba.

Mke wangu alipomaliza mzunguko wa pili akaniuliza, "Na huyu naye umemfukua wapi?"

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na umande na baridi. Nikaita majirani, nikapanda, nikawasha. Ilikohoa mara moja, ikatema moshi mweupe, ikanyamaza. Nikajaribu mpaka betri ikafa. Majirani wakaenda kukamua ng'ombe wao, wa gredi.

Nikamwita fundi. Fundi huyu nilimfundisha mwenyewe darasa la saba. Hesabu za kutoa hazikumwingia kamwe, na katika ripoti yake niliandika: "Ajitahidi kutoa." Hakujitahidi. Mpaka leo anajua kujumlisha tu, na kila Jumamosi ananijumlishia.

"Mwalimu, ungechukua ya silinda tatu," akasema hata kabla ya kushuka kwenye bodaboda.

"Nne si zaidi ya tatu?"

"Darasani, ndiyo. Hapa, hapana. Hii ya nne ni adui wa baridi. Perkins ukiigusa inaamka. Hii mpaka uibembeleze."

Kumbe aibu ya injini ile imejulikana Uingereza tangu ilipotoka kiwandani, na ndiyo moja ya sababu zilizowafanya wenyewe waihame. Mimi nikaipokea kwa mikono miwili zaidi ya miaka sitini baadaye, tena kwa sababu ya chuchu.

Fundi akanipa somo la moshi. Mweupe ni dizeli ambayo haijaungua. Mweusi ni dizeli iliyozidi hewa. Wa buluu ni oili, yaani mashine inakunywa. Yangu ilikuwa ikitoa yote mitatu kwa zamu kama taa za barabarani za Nairobi, na kama kule, hakuna aliyeitii.

"Lakini hiki ni kitu kidogo," akanifariji.

Katika nchi hii kila raia anajua kitu kidogo huwa kinaishia wapi. Kilianza na nozeli, kikaenda kwenye ringi za pistoni, kikadai gasketi ya kichwa, kikapita kwenye pampu ya maji, kikashuka mpaka klachi. Afadhali spea zinapatikana, kwa sababu Massey alizaa huko na huko. Yugoslavia waliiunda kwa leseni. India kuna kampuni ya TAFE, iliyoanzishwa mwaka 1960, ambayo wajukuu wake bado wanalima. Ukiingia duka la spea ukitaja thelathini na tano, mwenye duka anatabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za mama yake, kisha anataja bei kama mtu asiye na mama.

Kwa wiki tatu trekta yangu ililala ndani ya karai tano. Leakey alipata vipande vya taya akatueleza mnyama mzima. Fundi wangu alipewa trekta nzima akaniachia vipande. Siku ya kuiunganisha niliketi karibu na daftari nikiandika kila kilichoingia. Alipofunga boliti ya mwisho, chini ya turubai zilikuwa zimesalia nyingine nne. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mwanafunzi wangu alikuwa amepata jibu la hesabu ya kutoa.

Ikawaka. Lakini kwa masharti, na sharti la kwanza ni mteremko. Betri mpya niliyouziwa ilikuwa mpya kwenye stika tu, kwa hiyo trekta hii huiwashi, unaiteremsha. Nimekuwa mtu anayetazama ardhi kama mpima ramani. Nikialikwa mahali siku hizi siulizi ni sherehe gani, nauliza boma lao limeinama upande gani. Jirani wa chini, ambaye shamba lake ni tambarare kama meza, ananung'unika kwamba nambagua. Simbagui. Nikizima kwake, nitalala kwake.

Sharti la pili ni kutoishiwa dizeli. Gari la petroli likiishiwa unaongeza, unaondoka. Dizeli ikiisha, hewa inaingia kwenye mipira mpaka pampu, na hewa hiyo haitoki kwa maombi. Unalegeza skrubu, unapampu kwa kidole kwenye kile kiwiko kidogo mpaka povu liishe na dizeli itoke safi, unafunga, unahamia skrubu ya mbele. Niliishiwa mara moja tu, siku ya Jumapili, nikiwa na suti. Kanisani walinisikia nimefika kabla hawajaniona, kwa harufu.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu baada ya kupona nikampa mgeni wangu plau. Kwenye fensi walikuwa wamejipanga watu ambao sikujua ni jamaa zangu. Mmoja akaniita mjomba, nami namzidi kwa mwaka mmoja tu. "Utanilimia lini, mjomba?" Ukinunua ng'ombe, watu wanaomba maziwa, unawapa kikombe yanaisha. Ukinunua trekta, watu wanaomba ekari.

Sifa ya trekta hizi ni haidroliki. Harry Ferguson, mtu wa Ireland, ndiye aliyefikiria kuifunga plau nyuma ya trekta kwa mikono mitatu na kuiinua kwa mafuta. Kabla yake plau ilikuwa inakokotwa kama mkokoteni, na ikikwama kwenye jiwe trekta ilisimama kwa magurudumu ya nyuma kama farasi na kumwangukia dereva. Kwa milima kama yetu, mtu huyo alistahili kuchinjiwa mbuzi. Ila haidroliki yangu ina umri wake. Niliinua plau, ikapanda vizuri, halafu ikaanza kushuka yenyewe, polepole, kama mzee anayejiegemeza kwenye kiti. Nililima shamba. Nililima pia njia ya kwenda shambani, kona moja ya boma, na nusu mita ya sukuma wiki za mke wangu.

Ninapotaka kujifariji huwa nakumbuka Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga huko, Tanganyika, na trekta mpya zilipokosekana baada ya vita, ikanunua kuukuu zilizobaki kwa wanajeshi kule Ufilipino. Zilifika zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Wakachukua hata vifaru vya Sherman wakavigeuza kuwa trekta. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, takribani pauni milioni 36 zikiwa zimezama kwenye udongo ule mgumu. Nami nina hakika kwamba siku ya kununua, bandarini Manila, kulikuwa na mtu aliyesema: hizi zilikuwa za Mmarekani, alikuwa akizitumia kidogo tu.

Juzi mke wangu, ambaye hakusomea hesabu lakini anajua kutoa, aliketi na daftari langu. Ununuzi 280,000. Matengenezo 96,500. Jumla 376,500. Kukodi trekta kwa ekari zetu mbili, kulima na kupiga haro, ni shilingi 16,000 kwa mwaka. Akagawanya.

"Pesa hizi," akasema, "zingekulimia miaka ishirini na tatu, na chenji ikabaki. Una sitini na mbili. Ungelimiwa mpaka themanini na tano."

Nikamwambia mchagua jembe si mkulima. Akaniambia hakusema nichague, alisema ningekodi.

Lakini haki yake nitampa mzee huyu. Trekta za sasa zikigoma unaletewa kijana mwenye kompyuta, anaichomeka, anakuambia hitilafu ni namba fulani, anakutoza, anaondoka na namba yake. Hii hata mtu aliyeanguka hesabu anaweza kuifungua na kuifunga, na boliti nne zikasalia na bado ikatembea. Zile Ferguson za zamani zilikuja na spana moja iliyofungua nati nyingi za trekta na plau zake, na mwilini mwake ilichorwa inchi ili mkulima aitumie kama rula. Mtu aliyebuni kitu hicho alimheshimu mkulima. Yangu haikuja na spana. Nadhani mwenye mali aliibakiza kwa ajili ya mzungu mwingine.

Kwa hiyo, msomaji, kama una mgongo imara na kiinua mgongo kisichokuwa na kazi, nina tangazo. Inauzwa Fort Ternan: Massey Ferguson 35, silinda nne, chuchu zote zinatoa. Ilikuwa ya mwalimu mmoja tu, na kazi ngumu naapa haijaifanya. Njoo mapema asubuhi, nikuonyeshe ikiwa baridi. Bei tutazungumza. Mteremko haumo kwenye bei.