Chombo Kisicho na Boneti

Gari likizima njiani, wanaume hufungua boneti, hutazama ndani kwa muda, hutikisa kichwa, kisha huifunga na kumpigia fundi simu. Baiskeli haina boneti. Kila kitu chake kiko nje: cheni unaiona, meno ya gia unaweza kuyahesabu, na ukizungusha pedali unashuhudia kwa macho yako jinsi gurudumu linavyotii. Ndiyo maana wanaume wengi wa Tanga hawaamini kabisa kwamba baiskeli inahitaji fundi. Nimeolewa na mmoja wao.

Mji wenyewe unachangia. Huku ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na zina namba badala ya majina, na mtu anaweza kwenda kazini, sokoni na msikitini bila kushuka kwenye tandiko isipokuwa kwa salamu. Baba Asha ana Phoenix nyeusi ya Kichina, inchi 28, yenye breki za vyuma, keria ya kubebea gunia, na kengele iliyopondeka. Kengele ilipondeka siku ya kwanza alipoigeuza baiskeli magurudumu juu ili aikague. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ukiigeuza, kinachotangulia kugusa sakafu ni kengele.

Ilianza na pancha. Kazi ya mwanzo aliifanya vizuri, namtolea ushahidi. Aliitumbukiza tyubu kwenye beseni la maji, akaona mapovu, akaweka alama, akasugua kwa msasa. Haraka ilimponza kwenye solusheni. Ile gundi huachwa ikauke kwanza, hadi ukiigusa isishike kidoleni, ndipo kiraka kibandikwe. Yeye alibandika ingali mbichi, kiraka kikahama. Akarudia, kikashika. Akarudisha tairi kwa vijiko vyangu, vile vya wageni, akajaza upepo, akaondoka akipiga mluzi. Alirudi akiikokota. Mwiba uliotoboa tyubu ulikuwa bado umekaa kwenye tairi, haukuwa na haraka ya kwenda popote. Akaung'oa kwa koleo, akaziba upya, akarudisha tairi kwa vijiko vilevile, na ncha ya kijiko ikaibana tyubu kwenye ukingo wa rimu, ikaitoboa. Mafundi humalizia kuingiza tairi kwa vidole gumba vitupu, bila chuma chochote. Hilo nimejifunza mimi, kwa kuangalia tu, nikiwa nimekaa kibarazani nachambua mchicha.

Kwa haki, aliyeziingiza tairi za upepo sokoni naye hakuwa fundi baiskeli. John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo kule Belfast, na mwaka 1888 alipata hataza ya tairi aliyokuwa amebuni kwa ajili ya mwanawe, ili baiskeli yake ya magurudumu matatu isimrusherushe. Baba Asha anaipenda sana habari hiyo. Mimi humjibu kwamba walioandika historia hawakutuambia mke wa Dunlop alibaki na vijiko vingapi.

Mafuta nitayapitia mbio, maana kesi yake bado haijapoa. Cheni ilikuwa inalia, na ndani hamkuwa na mafuta ya cherehani. Kulikuwa na mafuta ya nazi. Cheni ikanyamaza, sisimizi wakaja kwa mstari, vumbi likaganda juu yake. Kwa kuwa mafuta yalibaki, akazipaka na breki, akimaanisha mema. Sasa breki za aina hii hukamata rimu kwa vipande vya mpira, na rimu yenye mafuta haikamatiki. Kwenye kona ya kwanza Baba Asha alizibana breki zote mbili kwa nguvu alizojaliwa, na safari ikaendelea hadi kwenye meza ya mama muuza mihogo. Alilipia sinia zima. Tulikula mihogo mchana na usiku, na kesho yake watoto wakamuuliza baba yao lini atapaka mafuta tena.

Pedali ya kushoto, hiyo ilikusanya watu. Ya kulia hufunguka kama skrubu yoyote unayoijua. Ya kushoto nyuzi zake zimegeuzwa: unaifungua kwa kuzungusha upande ambao vitu vingine vyote hukazwa. Si ukorofi wa mtengenezaji. Zingekuwa sawa, ya kushoto ingekuwa inajilegeza yenyewe kidogokidogo kadiri unavyokanyaga, mpaka siku moja ukabaki na mguu hewani. Baba Asha hakuwa na habari hiyo, kwa hiyo kila alipofungua alikuwa anakaza. Alikaza kwa spana. Akachomeka bomba kwenye spana ili irefuke, akakaza kwa bomba. Akamwita kijana wa jirani, wakakaza wote wawili huku wakihesabu moja, mbili, tatu. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama akawatazama.

"Shikamoo, mzee," akasema Baba Asha, jasho linamtoka.

"Marahaba, mwanangu. Unaifunga au unaifungua?"

"Naifungua."

"Haya, endelea," akasema mzee, akaenda zake.

Lakini yote hayo ni utangulizi wa gololi. Ekseli ya katikati, ile inayobeba mikono ya pedali, huzungukia gololi 22 za robo inchi, 11 kila upande. Barazani alisikia kwamba hufaa kuzitoa, kuziosha kwa mafuta ya taa na kuzipaka grisi mpya. Ni kweli tupu. Hawakumwambia tu kwamba kabla hujazifikia kuna kotapini ya kugonga, na kwamba anayeigonga bila kuacha nati kwenye mkia wake huziponda nyuzi zote, nati isirudi tena. Aliigonga. Halafu akafungua kikombe cha ekseli akiwa ameinamisha baiskeli upande huohuo, gololi zikamiminika uani kwa sauti ya kupendeza.

Watoto walizifurahia mno. Kwao gololi ni mchezo. Zilikusanywa, zikahesabiwa kwenye sahani: 21. Msako ukafanyika chini ya mtungi na ndani ya viatu. Kisha Baba Asha akakumbuka kwamba alimwona koo wangu mwekundu akidonoadonoa pale pale. Nilimtetea yule kuku kwa hoja nzito: anataga, hana rekodi ya wizi, na hata kama ameimeza, baiskeli si ndege ya abiria. Shauri langu likatupwa. Firigisi lilipasuliwa mbele ya mashahidi, tukakuta mchanga, punje za mahindi na shanga ya bluu niliyoitafuta tangu Idi. Gololi hamna. Jioni ileile, Baba Asha alipokunja mikono ya shati ili anawe tule, ilionekana: imenasa kwenye grisi nyuma ya kiwiko chake.

Nilipolalamika alinijibu kwamba Wilbur na Orville Wright, wale waliorusha ndege ya injini mwaka 1903, walikuwa wauzaji na watengenezaji wa baiskeli kule Dayton, Ohio. Hilo nalo ni kweli. Ila wao walikuwa na karakana, na sijasikia kwamba walimchinja koo wa mtu.

Kila mkasa huishia chini ya mwarobaini, kwa fundi wetu. Fundi huizunguka baiskeli taratibu, mikono nyuma, kisha huuliza swali lake la siku zote: "Nani kaishika hii?" Baba Asha hutazama barabarani na kujibu, "Watoto." Bei huwa mbili: ya ubovu, na ya matengenezo. Tulipompelekea ile ya gololi, akacheka na kusema kwamba ingepungua moja, baiskeli ingekwenda tu vilevile. Sikumtazama mume wangu. Nilimfikiria koo.

Zamani nilishangaa kwa nini fundi hamkatazi. Hamsemi, hamcheki mbele ya wateja, humsifu mno kwa kuthubutu, na humwazima spana. Juzi nilipofuata baiskeli nilimkuta akimweleza, kwa upole wa mwalimu, kwamba kunyoosha rimu iliyopinda ni suala la kukaza na kulegeza spoku tu, kazi ndogo sana, mtu anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani.